Kabla Asasi Yako ya Elimu Haijasema Haidaiwi Kodi

Karibu kila bodi ya asasi ya elimu ina mtu ambaye, siku barua ya makadirio ya kodi inapofika kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), husema: "Lakini sisi si wafanyabiashara." Husema kweli. Hakuna mjumbe aliyewahi kugawiwa faida. Mwenyekiti hujilipia nauli ya kuja kikaoni. Mwalimu mkuu anadai mishahara ya miezi miwili na bado asubuhi yuko darasani. Hata hivyo barua iko mezani, kiasi kinachodaiwa kimeandikwa, na siku za kujibu zinahesabika.

Nawaandikia ninyi mnaoongoza asasi hizo: maktaba za jamii, vituo vya kuwarudisha masomoni wasichana walioacha shule kwa ujauzito, shule za awali za mitaani, vyuo vidogo vya ufundi, mifuko ya kusomesha yatima. Ninalotaka mlijue ni kwamba sheria ya kodi haina kipimo cha nia njema. Inauliza fedha ilitoka wapi, ilikwenda wapi, na nani alithibitisha kwamba kazi yenu ni ya hisani. Mwenye majibu ya maswali hayo kwa maandishi mara nyingi halipi kodi ya mapato hata senti. Asiye nayo anaweza kudaiwa zaidi ya fedha aliyo nayo benki, na nitaonyesha kwa hesabu jinsi jambo hilo linavyotokea.

Usajili haumalizi kazi

Wengi hudhani cheti cha usajili kinatosha. Asasi inaweza kuwa imesajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, cheti kimetundikwa ukutani, ripoti zinakwenda kwa Msajili kila mwaka, na bado machoni pa TRA ikawa mlipakodi wa kawaida anayetozwa asilimia 30 ya pato lake kama kampuni nyingine yoyote. Msajili huangalia uhalali wa kuwepo kwenu. Kodi ni shauri la ofisi nyingine yenye sheria yake, yaani Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, ambayo kifungu chake cha 64 ndicho kinachozihusu taasisi za hisani. Kisomeni wenyewe. Si kirefu, na mjumbe wa bodi aliyekisoma hatishwi ovyo, wala halaghaiwi na kishoka anayeahidi "kulishughulikia suala lenu" kwa bei ya kichwa. Wasomaji wa Zanzibar nao kinawahusu, kwa kuwa kodi ya mapato ni jambo la Muungano, hata kama asasi ilisajiliwa kwa sheria ya huko.

Kifungu hicho kinataka mambo mawili yawepo kwa pamoja. Kwanza ni asili ya asasi yenyewe: iwe mkazi wa Tanzania, iwe na sura ya umma, na iwe imeanzishwa na inaendeshwa kwa ajili ya kuwaondolea watu umaskini au dhiki, kuendeleza elimu, au kutoa huduma za jumla kama afya, elimu, maji na barabara, bila shughuli nyingine. Pili ni uamuzi wa maandishi wa Kamishna Mkuu wa TRA unaosema kwamba asasi hii ni taasisi ya hisani, nao uwe hai katika mwaka unaohusika. Asasi yenye sifa zote za kwanza lakini haina barua hiyo haijapata hadhi, hata ikiwa imesomesha watoto wa kijiji kizima.

Sharti la kutokuwa na shughuli nyingine huwaangusha wengi, tena kwa sababu ya uvivu tu wa kuandika katiba. Katiba nyingi za asasi zimenakiliwa kutoka kwa asasi nyingine, na katika orodha ya malengo utakuta elimu, halafu michezo, kilimo cha kisasa, ufugaji, na mwisho "shughuli nyingine yoyote halali itakayoamuliwa na wanachama." Hilo la mwisho peke yake linampa ofisa wa kodi sababu ya kusema hapana, kwa maana linaruhusu asasi kuwa chochote. Kabla hamjaandika maombi, itisheni mkutano mkuu, yafuteni malengo ambayo hamyafanyi, na mabadiliko hayo yafikishwe kwa Msajili. Hakikisheni pia katiba inakataza kugawana mapato kwa namna yoyote, na inaeleza kwamba asasi ikivunjwa mali zake zitakwenda kwa asasi nyingine yenye malengo ya namna hiyo, si kwa waanzilishi.

Sura ya umma nayo ina mtihani wake. Mfuko unaosomesha watoto wa ukoo mmoja, hata wakiwa yatima kweli, ni jambo jema la kifamilia na si taasisi ya umma. Bodi ya mume, mke na shemeji itaulizwa maswali. Na kuna jambo ambalo watu wa asasi hawapendi kulizungumza wazi, la mwanzilishi anayeipangisha asasi nyumba yake mwenyewe. Halijakatazwa moja kwa moja, lakini ndipo ofisa anapochimba. Uwepo mkataba, bei iwe ya mtaa huo, mwanzilishi atoke nje wakati bodi inajadili kodi ya pango, na muhtasari wa kikao uonyeshe kwamba alitoka. Kama bei inazidi ya majirani, ishusheni sasa hivi, au hameni.

Maombi yenyewe huwa barua kwa Kamishna Mkuu pamoja na viambatisho: katiba, cheti, namba ya mlipakodi, majina ya wajumbe wa bodi, maelezo ya kazi mnazofanya na wanaonufaika, hesabu zilizokaguliwa na taarifa ya vyanzo vya fedha. Andikeni kila kitu, hata yale mnayoona yatawaharibia. Uamuzi wa Kamishna humfunga mwenyewe ikiwa maelezo mliyompa yalikuwa kamili na ya kweli. Mkificha kwamba mna duka la sare au kwamba ukumbi hukodishwa kwa harusi kila Jumamosi, mmepata karatasi isiyowalinda, kwa sababu siku itakapojulikana hamtaweza kuiegemea.

Jinsi kodi inavyokokotolewa

Hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo, kwa sababu wengi hudhani kwamba ukishapata hadhi, fedha zote zinatoka nje ya macho ya TRA. Sheria ya Tanzania haifanyi hivyo. Inaichukulia kazi yenu ya hisani kana kwamba ni biashara, na kwenye pato lake inaingiza kila kitu, zikiwemo zawadi na michango ya wafadhili. Kisha inaruhusu kuondoa, pamoja na gharama za kawaida, fedha zote zilizotumika kutimiza malengo ya hisani kwa kuwahudumia wakazi wa nchi. Juu ya hapo kuna punguzo jingine la asilimia 25 ya pato. Kwa maneno mengine, fedha iliyofanya kazi ya elimu haitozwi, na fedha iliyolala bila maelezo inaweza kutozwa.

Tuchukue mfano wa kituo cha kufikirika kinachofundisha wasichana waliokatiza masomo, ili wafanye mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Mwaka huu kimekusanya ada ndogo za shilingi milioni 50 na michango ya milioni 40, jumla milioni 90. Kimetumia milioni 60 kulipa walimu, pango, vitabu na umeme. Kimetumia milioni 25 nyingine kuwalipia wasichana waliofaulu ada za vyuo, magodoro, nauli na chakula. Benki imebaki milioni 5.

Kama kituo kina uamuzi wa Kamishna, hesabu ni milioni 90 kutoa 60 kutoa 25, inabaki 5. Hata tukiliacha pembeni lile punguzo la asilimia 25, kodi ya asilimia 30 juu ya milioni 5 haizidi milioni moja na nusu, na punguzo hilo hulipunguza zaidi deni lenyewe.

Sasa ondoa uamuzi huo. Kituo kinakuwa mfanyabiashara wa kawaida, na kwa mfanyabiashara sheria inaruhusu kuondoa gharama zile tu zilizotumika katika kuzalisha pato. Mishahara ya walimu inapita. Lakini zile milioni 25 za magodoro na ada za vyuo zilizalisha pato gani? Hakuna. Ofisa akizikataa, na sheria inampa njia ya kuzikataa, pato linakuwa milioni 30 na kodi milioni 9. Kituo chenye milioni 5 benki kinadaiwa milioni 9, na kinachokiumiza ni ile sehemu ya kazi yake iliyo njema kuliko zote. Hiyo ndiyo thamani ya barua moja. Bodi inayoahirisha kuiomba mwaka hadi mwaka kwa sababu "bado hatujafikiwa" inachezea fedha za wasichana hao.

Ndani ya mpangilio huu kuna mtego wa kalenda. Asasi nyingi hufunga hesabu Desemba 31, na mwaka wa shule unaanza Januari. Mfadhili naye ana bajeti inayoisha Desemba, hivyo fedha za mwaka mzima ujao zinaingia wiki mbili kabla ya Krismasi. Kwenye hesabu inaonekana asasi imepokea kwa wingi na haijatumia. Zungumzeni na mfadhili mapema ili fedha zije kwa awamu, na barua ya ruzuku itaje wazi kwamba ni kwa matumizi ya mwaka unaofuata. Mkaguzi wenu aione barua hiyo kabla hajafunga hesabu, si baada ya TRA kuuliza.

Wanaochangisha kujenga bweni au maabara kwa miaka kadhaa wana njia yao ndani ya kifungu hichohicho. Asasi inayotaka kuweka akiba kwa ajili ya mradi mahususi, ulioelezwa kwa kina na wenye uzito katika malengo yake, inaweza kumwomba Kamishna, naye akiridhika anaidhinisha kwa maandishi kwamba akiba hiyo ihesabiwe kama fedha iliyotumika. Nasikitika kwamba njia hii haitumiki kadiri inavyostahili. Watu huziacha milioni 70 za bweni kwenye akaunti ileile ya chaki na mishahara, bila muhtasari wa kikao, bila ramani, bila makisio ya mkandarasi, halafu wanashangaa zinapoitwa faida. Fungueni akaunti ya mradi, bodi ipitishe azimio, ambatisheni ramani na makisio, na ombeni kibali kabla mwaka haujafungwa.

Ada, shamba na ukumbi

Nimeulizwa mara nyingi kama asasi inayotoza ada inaweza kupata hadhi. Ada peke yake haiifukuzi. Sheria inazungumzia huduma zinazotolewa kwa masharti ya haki, na ofisa ataangalia ada inalingana vipi na gharama, ziada inakwenda wapi, na mtoto wa mama lishe anapataje nafasi. Tangu elimu ya msingi na sekondari ya serikali ianze kutolewa bila ada mwaka 2016, hoja kwamba "sisi tunatoa elimu" haina uzito uliokuwa nao zamani. Shule binafsi inayotoza kama zile za kibiashara, ina mabasi kama yao na wanafunzi wa tabaka lilelile, itaona taabu kujieleza kwamba ni ya hisani kwa sababu tu imesajiliwa kama shirika. Hapo nakubaliana na mtoza kodi. Kama mnasomesha watoto ishirini bure, wekeni sera ya ufadhili iliyoandikwa, fomu za maombi, na orodha ya waliochaguliwa na sababu zake. Ufadhili unaotolewa kwa simu ya mwenyekiti hauna ushahidi.

Shamba la shule linalolisha wanafunzi ni sehemu ya kazi ya shule. Kantini ya wanafunzi vivyo hivyo. Lakini ukumbi unaokodishwa kwa harusi, au basi la shule linalobeba abiria wa msibani kwa malipo, ni biashara nyingine, na pato lake hukokotolewa hivyo. Si haramu kuwa nayo ikiwa ni ndogo. Itengenezeeni vitabu vyake, na ikianza kuwa kubwa kuliko elimu yenyewe, ianzishieni kampuni inayolipa kodi yake na kuichangia asasi, ili hadhi ya asasi isiingie hatarini kwa ajili ya harusi za watu.

Risiti za maharage

Kesi za kodi za asasi hupotea jikoni. Namaanisha jiko halisi, la kuni, nyuma ya madarasa. Mpishi hununua gunia la maharage kwa mkulima aliyelileta na bodaboda. Fundi anaziba paa kwa elfu arobaini na kuondoka. Mama wa mboga huja kila asubuhi na kulipwa kwa fedha taslimu kutoka kwenye droo ya matroni. Mwisho wa mwaka kuna milioni 11 za chakula zenye risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti) za milioni 2, na zilizobaki ni vikaratasi vya daftari la mistari vyenye maandishi "mboga, 15,000." Kila mtu aliyepo pale anajua chakula kililiwa. Mkaguzi wa TRA hakuwepo.

Dawa yake inaanza Januari, haiwezi kuanza Desemba. Vitu vikubwa, yaani mchele, sukari, mafuta, vitabu, saruji, nunueni kwa muuzaji mwenye mashine ya EFD na msikubali kuondoka bila risiti yenye jina la asasi na namba yenu ya mlipakodi. Muuzaji akisema bei inashuka bila risiti, anawauzia deni. Kwa mkulima na mama wa mboga wasio na mashine, tumieni hati ya malipo yenye namba: jina kamili la aliyelipwa, namba ya simu, alichouza, kilo ngapi, bei, sahihi yake, sahihi ya aliyepokea stoo. Lipeni kwa simu inapowezekana, maana ujumbe wa muamala una tarehe na jina. Kisha leja ya stoo ionyeshe gunia lilipoingia na siku lilipoisha. Hati hizo hazina nguvu ya risiti ya EFD, na ofisa anaweza kuzibishia, ndiyo maana manunuzi ya namna hiyo yawe machache na madogo. Lakini tofauti kati ya hati kamili na kikaratasi cha daftari huonekana mara ofisa anapofungua jalada.

Tunzeni kumbukumbu zote kwa miaka mitano, mahali pasipovuja. Skanini au pigeni picha risiti za EFD mara mnapozipata, kwa sababu karatasi yake hufifia ikikaa kwenye joto.

Ambayo hadhi haiyagusi

Barua ya Kamishna inahusu kodi ya pato la asasi. Haimwondolei mwalimu kodi ya mshahara. Makato ya kodi hiyo (PAYE) yanatakiwa kufika TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, na kumwita mtu "wa kujitolea" hakubadilishi kitu ikiwa kila mwezi anapokea kiasi kilekile. Anayelipwa 300,000 kwa mwezi anakatwa asilimia 8 ya kile kinachozidi 270,000, yaani shilingi 2,400, kabla ya kuzingatia mchango wake wa hifadhi ya jamii. Ni kiasi kidogo mno kukiingiza kituo kwenye adhabu, lakini kisipolipwa kwa miaka mitatu kwa walimu kumi, riba na faini zinajilimbikiza. Mwenye nyumba naye lazima akatwe kodi ya zuio ya asilimia 10. Pango likiwa 500,000, yeye anapokea 450,000 na 50,000 zinakwenda TRA kwa jina lake. Atalalamika. Mwelezeni wakati wa kusaini mkataba, maana msipomkata, deni linawarudia ninyi. Mhasibu au mshauri mkazi anayewapa huduma kwa malipo hukatwa asilimia 5.

Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ni jambo jingine kabisa. Huduma ya elimu haitozwi VAT, ila saruji mnayonunua ina asilimia 18 ndani ya bei, na hadhi ya hisani haiifuti. Kontena la kompyuta kutoka Ulaya nalo lina sheria yake ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na maombi yake. Shughulikieni kabla meli haijaondoka huko, kwa sababu gharama za bandari huanza kuhesabika bila kujali kwamba mzigo ni wa yatima.

Na ritani ya mwaka lazima iwasilishwe, hata kodi ikiwa sifuri, ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Ukimya wa asasi yenye hadhi ndio unaomfanya ofisa atengeneze makadirio yake mwenyewe.

Makadirio yakifika msiyokubaliana nayo, msikae kusubiri huruma. Mna siku 30 tangu kupokea uamuzi kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, na sheria inataka mlipe kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au ile sehemu msiyoibishia, kutegemea ipi ni kubwa. Mnaweza kumwomba Kamishna apunguze au aondoe sharti hilo la malipo kwa sababu za msingi. Ombeni ndani ya siku hizohizo. Msiporidhika na uamuzi wake, milango ya Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, iko wazi.

Kwa anayetaka kuchangia

Hadhi ina faida nyingine ambayo asasi husahau kuitangaza. Mfanyabiashara wa Tanzania anayeichangia taasisi ya hisani yenye uamuzi wa Kamishna anaruhusiwa kuondoa mchango huo kwenye pato lake la biashara, mwisho asilimia 2 ya pato hilo. Asasi isiyo na barua haiwezi kumpa faida hiyo. Basi mnapokwenda kuomba kwa mwenye kiwanda, barua ya Kamishna iwe ukurasa wa kwanza wa maombi. Michango inayopitia Mfuko wa Elimu, ulioanzishwa kwa sheria ya 2001 na kusimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, haina kikomo hicho cha asilimia 2. Mchangiaji mkubwa anayetaka kujenga madarasa inafaa aelezwe hivyo, hata kama fedha hazitapitia mikononi mwenu.

Watanzania na Wakenya walioko Marekani huwa wanataka kujua kama mchango wao kwa shule ya kijijini unawapunguzia kodi huko. Uamuzi wa Dar es Salaam hauwasaidii. Kwa kawaida mchango unaotolewa moja kwa moja kwa asasi ya nje ya Marekani haupunguzwi. Sharti upitie shirika la Kimarekani lenye hadhi ya hisani ya 501(c)(3), na shirika hilo liwe na mamlaka ya kweli juu ya matumizi ya fedha, lisiwe bomba tu la kupitishia. Ndiyo maana wenzenu wa huko huwadai ripoti na risiti. Msione wanawasumbua. Shirika lao lisipowasilisha ritani yake ya mwaka kwa miaka mitatu mfululizo linapoteza hadhi papo hapo, na ripoti zenu ni sehemu ya kile wanachokitegemea.

Wasomaji wa Kenya wasiibebe hesabu ya Tanzania na kuipeleka Nairobi. Kwao msamaha unatokana na aya ya 10 ya Jedwali la Kwanza la Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 470, kwa taasisi zenye sura ya umma zilizoanzishwa kwa ajili ya kuondoa umaskini au dhiki, au kuendeleza dini au elimu, na si kwa kazi nyingine. Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA) ikiridhika hutoa cheti cha msamaha kinachodumu miaka mitano, na sheria inaipa siku 60 kukitoa mara mwombaji anapotimiza masharti yote. Pato la biashara linasamehewa ikiwa linatumika lote kwa malengo hayo, na ama biashara ni sehemu ya utekelezaji wa malengo yenyewe, ama inafanywa zaidi na wanufaika, kama chuo cha useremala kinachouza madawati yaliyotengenezwa na wanafunzi, ama ni kodi ya pango. Tangu Mei 14, 2024 mashirika yasiyo ya kiserikali ya huko yako pia chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyokaa zaidi ya miaka kumi bila kuanza kutumika. Kinachowaponza wengi ni miaka mitano hiyo ya cheti. Mwenyekiti aliyeomba cheti ameshastaafu, mhasibu amehama, na cheti kinakwisha bila mtu kukumbuka. Iandikeni tarehe yake ya mwisho kwenye kalenda ya bodi na mwanze maombi mapya mapema, mkiwa na hesabu za miaka yote mkononi.

Kwa upande wa Tanzania, nina ombi moja kwa wenyeviti na makatibu wanaosoma haya. Katika kikao chenu kijacho, kabla ya ajenda ya bajeti, mwombeni mhasibu alete mezani barua ya uamuzi wa Kamishna. Akiileta, isomeni pamoja na mlinganishe kilichoandikwa na kazi mnazofanya leo. Asipokuwa nayo, maombi yawe ajenda ya kwanza, apangiwe mjumbe mmoja kwa jina na tarehe ya kuyawasilisha, na tarehe hiyo iwe kabla ya mwaka wenu wa hesabu kufungwa.